Kutoka Baridi ya Timboroa hadi Engare Sero, Chini ya Ol Doinyo Lengai

Kituo cha treni cha Timboroa, kwetu Kenya, kiko mita 2,743 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai kaskazini mwa Tanzania, kiko mita 2,962. Tofauti haifiki mita 250. Ukiwa mtu wa Timboroa na unapanga kwenda kuuona mlima huo, anza na hesabu hii, maana inageuza karibu ushauri wote wanaopewa wageni wengine. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam huonywa juu ya kilele: hewa nyepesi, upepo, baridi ya alfajiri. Wewe umezaliwa kwenye baridi hiyo. Unachimba viazi ndani ya ukungu, unavaa koti mwezi wa Julai kutoka asubuhi hadi jioni, na mapafu yako yamezoea hewa ya juu tangu utotoni. Kinachokusubiri kukutesa ni kijiji chenyewe.

Kijiji hicho ni Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Kiko mita 600 hivi tu juu ya bahari, ndani ya Bonde la Ufa, na joto la mchana huweza kufika nyuzi 40. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: panga safari ya kijijini kwanza, na mlima uuweke nyuma yake. Wengi hufanya kinyume. Huhesabu saa za kupanda, wakafika jioni, wakapanda usiku uleule na kuondoka kesho yake wakiwa hoi, na waliokaa nao hawakuwajua hata majina.

Huenda ukajiuliza kwa nini uende mbali hivyo. Volkano tunazo Kenya. Menengai iko juu ya mji wa Nakuru, na unaweza kwenda na kurudi siku moja ukisimama barabarani Timboroa na kudandia matatu. Paka na Silali ziko Baringo, na Paka ndiko wahandisi wanakochimba mvuke wa umeme. Kule Turkana kusini ipo volkano ya Teleki. Zote hizo ni za kuheshimiwa, lakini hakuna hata moja utakayoikuta ikitoa lava leo. Upande wa Kongo kuna Nyiragongo: ililipuka Januari 1977, ikalipuka Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji wa Goma, na ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mbali na lava yake inayokimbia, mabondeni pale hukusanyika mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayoua mtu na ng'ombe bila harufu wala moshi. Tangu Goma itekwe na waasi wa M23 Januari 2025, simshauri mtu yeyote kupanga matembezi huko. Ndugu zetu wa Kibati na Kibumba, vijiji vilivyo chini ya mlima ule, wana mzigo wa kutosha bila kumtunza mtalii. Ndiyo maana ninasema Engare Sero.

Ol Doinyo Lengai kwa Wamaasai ni mlima wa Mungu, na watu hupanda kwenda kuomba mvua na watoto. Kwa wanajiolojia ni wa pekee: ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutoa lava ya natrokabonatiti siku hizi. Lava ya kawaida huwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Hii huwa kati ya 500 na 600, kwa hiyo mchana haing'ari wekundu. Huonekana nyeusi na hutiririka kama oili chafu ya injini, kisha ikigusana na unyevu hugeuka nyeupe kwa muda mfupi. Ule weupe unaouona kileleni ukiwa mbali si theluji. Jambo hili si la darasani tu. Lava isiyong'ara ni rahisi kuidharau, na nyuzi 500 zinatosha kabisa kuuchukua mguu wa mtu.

Wala mlima si mpole hivyo siku zote. Ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka 1940 hadi 1941, tena 1966 hadi 1967. Mara ya karibuni ya hasira ilianza Julai 2007, ardhi ikatetemeka hadi watu wa Nairobi wakakimbia kutoka maghorofani, na Septemba mlima ukarusha majivu angani. Uliendelea kuyarusha hadi mwaka 2008. Majivu yaliangukia malisho, na wafugaji walilazimika kuhamisha mifugo. Mgeni ukilalamika kijijini kwamba mlima "haukuonyesha kitu", kumbuka kwamba mwenyeji wako anapokuona ukisubiri moto, yeye anaombea nyasi.

Kuhusu majira, kwetu Timboroa miezi ya Juni hadi Septemba ni ya baridi na matope, na kule ndiyo miezi mikavu na mizuri. Agosti inafaa kuliko yote kwa familia nyingi: shule zimefungwa, na aliyeuza viazi vya mvua ndefu ana senti mfukoni. Januari na Februari ni kavu pia ila joto huzidi. Kuanzia Machi hadi Mei usiende. Barabara ya Engare Sero inakatiza makorongo ambayo hujaa maji kwa saa moja, na majivu ya mlimani yakilowa huteleza vibaya.

Kabla ya kuweka tarehe, uliza hali ya mlima. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani hutoa ripoti za shughuli za volkano duniani kwa kutumia pia picha za setilaiti, na Tanzania ina Taasisi ya Jiolojia huko Dodoma. Hata hivyo, mimi ningempigia simu kiongozi wa kijijini kwanza. Muulize maswali ya kujibika: Je, kuna moshi usio wa kawaida? Watu wamehisi mitetemeko wiki hii? Mifugo inachungwa upande ule ule wa kila siku, au imehamishwa? Mtu anayeuangalia mlima kila asubuhi akitoka bomani atakujibu kwa undani ambao hakuna picha ya angani inayoupata.

Sasa karatasi. Mkenya amezoea kuvuka Malaba au Busia kwenda Uganda kwa kitambulisho. Kwa Tanzania usitegemee hilo. Beba pasipoti, au chukua kibali cha muda cha kusafiria kutoka idara ya uhamiaji kabla hujaondoka. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Tanzania hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya ikiwamo. Kuna watakaokuambia kwamba ukishukia Magadi na Shompole unauona mlima kwa macho, kwa nini uzunguke hadi Namanga? Ni kweli unaonekana siku ya anga safi. Lakini kuvuka mpaka porini bila muhuri ni kujitafutia kesi katika nchi ya watu, na itakugharimu zaidi ya nauli uliyookoa.

Njia yenyewe si ngumu, ni ndefu. Timboroa hadi Nairobi, Nairobi hadi Namanga, Namanga hadi Arusha, lala Arusha. Usijaribu kuunganisha yote kwa siku moja, maana utafika kwenye joto mwili ukiwa umeshachoka. Kutoka Arusha unapita Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha unaiacha lami inayokwenda Ngorongoro na kukunja kaskazini kupitia Engaruka. Kutoka Mto wa Mbu zimebaki zaidi ya kilomita 100. Yapo mabasi ya Loliondo yanayopita huko, nayo yanafaa kwa mwenye subira. Kundi la watu wanne au watano litaona nafuu kukodi gari Arusha pamoja na dereva anayeijua njia, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye tairi mbili za akiba. Gari lako la nyumbani liache. Kuna bima ya COMESA ya kulipia, kuna kibali cha kuingiza gari, na changarawe na majivu vitakumalizia chujio la hewa.

Mto wa Mbu ndipo mahali pa kununua vitu. Soko lake lina ndizi za kila rangi, unga, mchele, sukari. Badilisha fedha zako kabla ya hapo uwe na shilingi za Tanzania taslimu, noti ndogo ndogo, kwa sababu M-Pesa ya Safaricom unayoitegemea Timboroa haitakusaidia kulipa kwenye mageti ya ushuru, na mtandao wa simu huko mbele ni wa kubahatisha. Njiani kuna ushuru wa halmashauri na wa kijiji. Watu wengi hukasirika hapa, wakidhani wanaibiwa. Uliza mapema kwa kiongozi wako orodha ya malipo ya wakati huo, lipa, na daima dai risiti. Usipokee maneno badala ya karatasi, wala usimtukane kijana wa getini kwa jambo lililoamuliwa na kikao cha watu wazima.

Nirudi kwenye mwili, maana hapa ndipo mtu wa nyanda za juu anapoanguka. Mwili huchukua kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto kwa kweli, na wengi wetu hatuna wiki hizo. Kwa hiyo anza nyumbani. Mwezi mmoja kabla, teremka Eldama Ravine uende ulale Marigat, mita 1,000 na kidogo tu juu ya bahari, na kesho yake utembee kando ya Ziwa Bogoria penye chemchemi za maji yanayochemka. Utajifunza jinsi kichwa kinavyouma mtu akinywa maji kidogo. Wikendi nyingine nenda Bonde la Kerio, upande wa Tambach, upande ukingo kwa miguu kutoka chini hadi Iten. Ni zaidi ya mita 1,000 za kupanda, huku jua likikuchoma mgongo nusu ya kwanza na upepo ukikupoza nusu ya pili. Sijui zoezi lililo bora kuliko hilo kwa Ol Doinyo Lengai, na tunalo jirani. Asiyeweza kuumaliza ukingo ule bila magoti kulia afurahie kijiji na auache mlima.

Halafu malaria. Timboroa ni baridi mno kwa mbu wa malaria, kwa hiyo mtu aliyekulia hapa hana kinga yoyote ya kuzoea. Watu wa bondeni wanaweza kuugua wakapona kama mafua mazito. Wewe unaweza kulazwa. Wiki mbili kabla ya safari nenda hospitalini, mweleze daktari unakokwenda, akupe dawa za kukinga zinazokufaa, na uzimeze hadi siku ya mwisho aliyokuandikia hata kama umesharudi nyumbani. Beba chandarua kidogo na pakiti kadhaa za ORS. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, wasipande: gesi ya salfa kileleni haimwonei huruma mtu.

Ukifika Engare Sero, siku ya kwanza usifanye kitu. Lala kivulini saa za mchana, kunywa maji hata kama huna kiu, tembea jioni. Katika siku hiyo utafanya kazi muhimu kuliko zote, nayo ni kusalimia. Wakenya tuna haraka ya mdomo. Tunaingia hotelini tukisema "leta chai", na huko Tanzania hilo husikika kama amri. Sema "naomba chai". Mzee au mama wa rika la wazazi wako mwamkie "shikamoo" na usubiri "marahaba" kabla ya kuendelea na shida yako. Ni sekunde tatu, na itakufungulia zaidi ya pesa. Kama umealikwa bomani, peleka sukari na majani ya chai ulivyonunua Mto wa Mbu, umkabidhi mama mwenye nyumba. Usibebe viazi vya kwetu kama zawadi, hata kama moyo unataka. Mazao ghafi mpakani yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Watoto usiwagawie peremende wala sarafu barabarani. Ukitaka kusaidia, nenda shuleni, ongea na mwalimu mkuu, uulize wanachokosa. Picha omba kabla, na ukikataliwa shusha simu bila kununa. Kaptura fupi na nguo za kubana ziache kambini, akina dada wabebe leso.

Siku ya pili nenda kwenye maporomoko ya mto Engare Sero ukaoge, na jioni uende kwenye nyayo. Karibu na kijiji, juu ya majivu ya kale yaliyoganda, zimehifadhiwa nyayo zaidi ya 400 za binadamu, ambazo watafiti wanakadiria zina umri wa kati ya miaka 6,000 hivi na 19,000. Majivu hayo yalitoka mlima huu huu. Waliokanyaga walikuwa wanatembea, wengine wakikimbia, juu ya tope la volkano. Usizikanyage, usimwagie maji ili picha itoke vizuri, na usikubali mtu yeyote akuonyeshe kwa fimbo inayogusa jiwe. Ziwani nenda na mwenyeji. Maji ya Natron yana magadi makali yanayochubua ngozi, na gamba jeupe la ufukweni linaonekana gumu hadi litakapopasuka chini yako. Isitoshe, ziwa hili ndilo mahali pakuu pa kuzaliana heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Wakishtushwa huacha viota.

Usiku wa kupanda huanza mapema mchana wake, kwa kulala. Mtaamka saa nne au saa tano usiku, mfikishwe kwa gari hadi miguuni pa mlima, na kuanza kutembea karibu na saa sita ili jua lisiwakute njiani. Kupanda huchukua saa tano au sita. Hakuna maji mlimani kabisa, kwa hiyo kila mtu abebe lita nne zake. Vaa viatu vigumu vinavyoshika kifundo cha mguu. Gambuti za shambani hazifai, zitajaa changarawe na kukuchuna. Vaa suruali ndefu, na glavu, kwa kuwa sehemu ya juu utapanda kwa mikono na mwamba wake unakwaruza. Tochi iwe ya kichwani na betri za akiba. Koti lako la Timboroa ndilo hasa linalohitajika saa kumi na moja alfajiri pale juu, na hapo utajisikia nyumbani.

Kiongozi wa kijijini ni wa lazima, na namaanisha hivyo hata kama una rafiki aliyewahi kupanda. Umbo la kilele hubadilika. Shimo la zamani lilijaa lava hadi kumwagika, milipuko ya 2007 ikalichimbua upya, na tangu hapo lava imekuwa ikijaza sakafu yake tena kidogo kidogo. Kingo huporomoka. Simama pale anapokuambia usimame. Usishuke ndani ya shimo kwa sababu yoyote, usikanyage ganda jeusi wala jeupe kwa kudhani limepoa. Harufu ya salfa ikikuwasha kooni, ondoka upande unakopeperushiwa gesi. Majivu yakianza kuanguka, funika pua na mdomo kwa barakoa au leso iliyoloweshwa, linda macho, teremka bila kukimbia. Kuteremka kunavunja magoti kuliko kupanda, na jua la saa tatu asubuhi tayari ni kali, hivyo usikae kileleni zaidi ya inavyohitajika kwa sala na picha.

Hapa ndipo utaona faida ya kupanga kijiji kwanza. Weka usiku mmoja wa ziada usio na kazi. Aliye na basi la kurudi asubuhi hulazimisha: upepo ukivuma, hupanda, tumbo likimsokota, hupanda, kiongozi akisita, humwongezea pesa ili asisite. Hilo la mwisho ni dhambi hasa, kwa sababu unamnunua mtu mwenye watoto akuvunjie tahadhari yake mwenyewe. Mwenye usiku wa ziada hungoja kesho. Na kama kesho nayo imekataa, amekwisha oga mtoni, ameona nyayo na heroe, amekunywa chai ya maziwa na wazee wakamsimulia majivu ya 2007. Hajapoteza safari. Mlipe kiongozi wako ujira wake wote hata mkirudi katikati ya njia, na mkubaliane hivyo kabla hamjaondoka kijijini, ili asiwe na sababu ya kukusukuma mbele.

Baada ya kuteremka lala kutwa nzima. Usimruhusu dereva aliyekesha akikungoja ashike usukani mchana huo. Rudi Arusha siku inayofuata, Nairobi kesho yake, kisha nyumbani.

Na kwa mwezi mzima baada ya kurudi, na hata zaidi kidogo, uwe macho na mwili wako. Malaria huweza kukaa siku saba hadi thelathini kabla ya kujitokeza, na kwa aliyemeza dawa za kukinga huweza kuchelewa zaidi. Ukipata homa, kutetemeka au kichwa kisichotulia, usikubali kuambiwa ni baridi ya Timboroa tu. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, au moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret ikiwa hali ni mbaya, na neno la kwanza umwambie mhudumu kwamba umetoka Ziwa Natron, akupime damu.